Sauti ya Pili

Kwetu Blaen-y-garn, juu kwenye milima ya Wales,
kondoo walikuwa mia mbili na redio moja,
tena mbovu.
Hatukuijali. Baba alikuwa besi,
kaka yangu Emlyn sauti ya kwanza,
mama ya pili,
na shangazi Meinir aliziba popote palipovuja.

Novemba ikiingia, daftari lilitoka kwenye kopo la biskuti:
jalada jeusi, mwandiko wa babu yake baba,
na duara la chai juu ya ubeti wa tatu
ambalo kila mtu alimsingizia marehemu.
Nyimbo kumi na moja za Noeli,
mali ya ukoo, kama malisho, kama deni.
Tulizikariri tukimenya viazi.
Baba aligonga uma wa sauti gotini,
akautega sikioni, akasema, "Haya, shika."
Nikashika. Nilikuwa na miaka sita.
Nilipewa ya pili kwa kuwa mama alishikwa na kikohozi
kisichoisha,
na kwa kuwa sauti yangu, alisema Meinir,
haina makuu.

Kanisani tulifika saa kumi alfajiri,
koti juu ya koti, mshumaa mkononi,
nta ikitudondokea vidoleni.
Hakuna kinanda. Hakuna anayeitwa jina.
Kimya kinakaa mpaka familia moja inyanyuke,
iende mbele, iimbe, irudi.
Na sheria ni moja: ulioimbwa haurudiwi.

Mwaka ule wa barafu
watu wa Pant-glas walitutangulia.
Wakauimba wa kwetu,
ule wa duara la chai,
ubeti kwa ubeti, na vizuri, Mungu awasamehe.
Baba alilifunga daftari polepole
kama mtu anayefunga zizi kondoo wameshatoka.
Zile kumi nyingine hatukuwa tumezifanyia mazoezi.
Hata hivyo tulinyanyuka. Miguu ilishazoea.

Tukasimama mbele, mikono mitupu.
Ndipo bibi Ceinwen,
aliyekuwa hajaimba tangu tumzike babu,
akaanza ule aliokuwa akiwaimbia ng'ombe,
usioandikwa popote,
maneno ya Noeli yamechanganyika na ya maziwa.
Baba akatafuta besi chini yake, akaipata.
Emlyn akamfuata bibi.
Mimi nani angenifundisha?
Nilipapasa, kama unavyoshuka ngazi gizani:
unatanguliza mguu, unaomba,
na kidato kipo.

Njiani kurudi theluji ililia chini ya viatu.
Baba aliuliza, bila kugeuka,
"Ile ya pili ilikuwa ya nani?"
Mama akasema, "Yake."
Hakuna aliyeongeza neno. Tukala mayai.

Leo naishi Leeds, nauza dawa.
Dukani kwa jirani vipaza sauti huanza Noeli mwezi wa kumi
na watu hulalamika: mapema mno, kelele tupu.
Mimi husimama karibu na friji za jibini
nikauimba upande wangu, chini chini,
wimbo wowote watakaoweka.
Mtoto mmoja alinisikiliza sana,
akamwambia mama yake, "Huyu hajui wimbo."
Ni kweli. Nyimbo zote ninazozipenda
nazijua kwa ndani tu, kama koti lililogeuzwa,
mishono nje.

Baba yuko chini ya mvinje kando ya kanisa.
Bibi na Meinir wako jirani naye.
Mama hukumbuka maneno, hasahau hata moja,
ila husahau ni nani anayemwimbia.
Kopo la biskuti liko kwangu, juu ya kabati.
Emlyn yuko Perth, anafuga kondoo wengine
kwenye jua lisilo na adabu.

Mkesha wa Krismasi hupiga simu.
Hanisalimu. Anaanza ya kwanza,
sauti yake imekwaruzika siku hizi,
nami naingia.
Mtandao unachelewa kidogo,
kwa hiyo tunafika mwisho wa mstari kwa kupishana,
na pale ambapo besi ingeshuka
sote wawili tunanyamaza, tunasubiri,
bila kukubaliana.

Kisha mmoja wetu anakohoa,
tunaanza upya.