Namba Moja

Saa nne usiku, Mbale. Ukungu umekaa kwenye kidirisha
cha chumba cha seva cha chama chetu cha akiba.
Naandika amri ya kukokotoa bonasi ya majani chai,
wakulima elfu sita na ushee, kilo kwa kilo,
kisha mwishoni naiwekea ile alama ya "na",
"na" isiyofuatwa na neno.
Mashine inaelewa: fanya hii, na…
uwanja uniachie.

Inanirudishia namba tu, 4127,
kama tikiti ya kinu cha kusagia.
Kazi imehamia uani.

Huko uani kumejaa.
Kuna pepo wasio na skrini wala kibodi,
waliamka na mashine mwezi wa Machi, hawajalala:
huyu anasikiliza mlango, huyu anahesabu sekunde,
huyu anaandika daftari tusilolisoma
mpaka kitu kiharibike.
Yangu nimeipa upole wa kumi na tisa,
ipishe wenzake, ile mwisho,
kama shangazi Kageha kwenye kila sherehe ya ukoo,
masizi viganjani, hotuba akizisikia kupitia ukutani.

Kesho tunamzika, Chavakali.
Ndiyo maana nimeiambia kazi: nikikata laini, usisikie.
Nikiondoka, usife nami.

Ila kwanza naipitia orodha, na hapo namwona:
2290, herufi Z ubavuni.
Mtoto alimaliza kazi yake Jumanne.
Hali kumbukumbu, hachomi umeme,
amebaki jina tu kwenye foleni
akingoja mzazi aulize neno moja: umeishaje?
Mzazi ni programu ya Asava, aliyoiandika
kabla hajahamia Nakuru. Haiulizi.
Haikufundishwa kuuliza.

Nilipokuwa mgeni hapa nilimpelekea mtoto kama huyu
ishara ya tisa, mara tatu, mara nne, jasho likinitoka.
Asava akacheka: maiti hauawi, Mideva.
Mguse mzazi.

Kumi na tano, basi. Hiyo ni hodi:
funga vitabu, rudisha kalamu, aga.
Nahesabu hadi kumi.
Kimya.

Ya tisa haipigi hodi.

Mzazi anaanguka, na papo hapo
mtoto anaandikwa kwa namba moja,
aliyeamka kabla ya wote,
asiyemkataa yatima wa yeyote.
Anamuuliza umeishaje. Anajibiwa. Anafuta jina.

Kwa shangazi tulikuwa watano,
hakuna aliyemzaa.
Usiku, taa ya chemni ikishushwa, alituuliza
mmoja mmoja: siku yako imeishaje?
Sifuri, kwa lugha ya mashine, ndiyo salama.
Nilimjibu sifuri miaka kumi na mmoja,
hata siku ambazo haikuwa.
Nadhani alijua.

Navaa koti. Nazima taa.
4127 imefika kwa mkulima wa mia tatu na kumi,
jina lake Kisia, kilo arobaini na mbili.
Haijui kwamba sipo.