Mchezo

Sebit alilileta gari Jumatatu kutoka Busiika,
limefungwa kamba nyuma ya lori la matofali,
akashuka na hukumu yake mkononi:
ni oili. Aliyemuuzia oili ni mwizi.
Nilinyamaza.
Mgonjwa hasemi kwa mdomo wa mwenye gari.

Karakana yangu iko Bombo, ubavuni mwa kinu cha mahindi,
na kinu kikisaga hakuna sikio lenye faida.
Nikangoja adhuhuri. Msagaji akaenda kuswali,
ndipo nikawasha.

Silinda sita, zote zinapumua.
Pistoni hazigongi. Vali zinashona kama cherehani.
Lakini chini kulikuwa na sauti nyingine,
ya mtu anayesogeza kabati usiku
akidhani wenzake wamelala.

"Lubwama, kanyaga klachi."
Sauti ikakatika.
"Achia." Ikarudi.
"Kanyaga tena." Nikainama mbele,
na nikaiona kwa macho yangu haya:
puli ilitoka kunisalimia.

Kazi ya kranki ni kuzunguka. Kutembea imekatazwa,
na wanaoikataza ni vipande vyembamba vya nusu-mwezi
kwenye metali ya nne, katikati,
kimoja mbele, kimoja nyuma.
Huku juu watu wanasifia turbo.

Nikazima. Nikaifunga saa ya kupimia kwenye bloki,
nikaisukuma kranki nyuma kwa bisibisi kubwa,
nikaweka sindano kwenye sufuri,
nikaivuta mbele.
Kitabu kinaruhusu robo ya milimita, hapo kimeona huruma.
Sindano ikapita robo, ikapita nusu,
ikasimama karibu na milimita nzima
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Sisi mafundi huuita mchezo.
Mlango una mchezo, usukani una mchezo.
Jumapili watu walilipa kiingilio kuutazama mwingine.

Nikashusha sampu. Oili ilimetameta,
kama mtu ameponda kijiko cha shaba ndani yake.
"Unaona?" akasema Sebit. "Oili."
Oili imebeba maiti tu. Haikuua.

Nikafungua metali ya tatu: safi. Ya tano: safi.
Ya nne, hilali ya mbele nzima,
namba zake bado zinasomeka.
Hilali ya nyuma imelika mpaka kwenye chuma,
mtaro wa oili umefutika kama chaki.
Oili mbaya haichagui upande.
Huyu alisukumwa, na aliyemsukuma yuko nyuma.
Nyuma kuna klachi, ya springi ngumu,
aliyoinunua Kisekka kwa fahari.
Na nyuma ya klachi kuna mguu.

"Taa unaisubirije?"
Akakaa juu ya ndoo ya grisi, akanionyesha:
mguu wa kushoto chini, gia ya kwanza ndani,
injini inalia mizunguko elfu tano,
na mwenye taa anaongea na simu.
"Kwa muda gani?"
"Siku nyingine dakika mbili."
"Na asubuhi, ukiwasha?"
"Nakanyaga pia. Baba alinifunza. Pikapu lake lilikuwa linaruka."
Asubuhi, oili ikiwa bado imelala chini.

Mbio zenyewe ni sekunde kumi na mbili,
na katika hizo, mguu umeachia,
kranki yake ilikuwa inapumzika.

Hakusema kitu. Alikitazama kiatu cha kushoto,
na mimi nikakitazama:
soli imelika upande wa vidole,
cha kulia bado kipya.

Nilimwambia kranki itaenda Katwe, bega lake likapimwe,
na kwamba springi zile hazirudi humu.
Akauliza bei ya hilali. Nikamtajia.
Hakuomba kupunguziwa.
Kinu kikaanza tena kusaga,
na pale juu ya ndoo
mguu wake wa kushoto ulikuwa bado umekanyaga.