Nambari ya Injini

Kwenye fomu pameandikwa: Aina ya chombo.
Nikajaza: farasi.
Mfaume, karani mpole wa pale Chikongola,
akalisugua neno kwa kidole,
kana kwamba wino ungeona haya ukaondoka.
"Dada Somoe, hapa huwa tunaandika bodaboda,
au Noah, au mashine ya kubangua korosho.
Haya. Nambari ya injini?"

Nikamwambia injini yake inakula pumba,
inaogopa mifuko ya nailoni,
na jina lake ni Deni:
bosi wa gesi aliniachia mradi ulipolala,
badala ya mishahara ya miezi minne.

Hakucheka. Aliandika.

Jumamosi nafundisha watoto kulipanda Deni,
Shangani, kwenye kiwanja cha mchanga.
Elfu mbili kila kichwa.
Vichwa kumi na kimoja, kofia moja,
zamu kwa zamu, jasho juu ya jasho.

Wiki tatu zilizopita upepo ulileta mfuko mweusi.
Deni akaruka kando.
Akili wa Bi Nantende akabaki hewani
kidogo, kama neno linalomjutisha msemaji,
kisha mkono wake ukatangulia kutua.

Ligula walimfunga plasta hadi begani.
Mama yake hakudai kitu, na hapo ndipo paliponishinda.
Angedai ningeuza tandiko, tungegombana, tungepatana.
Alikuja na sahani ya ming'oko,
akaketi kizingitini, akasema:
"Anauliza kama farasi aliumia."

Tangu siku hiyo usingizi nauokota vipande vipande.

Mfaume anasoma: mimi ni mtu wa kwanza,
kampuni mtu wa pili.
"Na mtu wa tatu?"
"Yeyote, dada. Hana jina mpaka adhurike."

Ana jina. Ana miaka tisa.
Kwenye plasta wenzake wamemchorea
farasi wa miguu mitano.

"Dhima, ukomo wake milioni kumi."
Sikujua kuwa dhima ina ukomo.
"Utalipa leo au msimu wa korosho?"
Msimu wa korosho. Nani hapa hulipa Agosti?
Nikatia saini kwa mkono wangu mzima,
herufi zikatoka zimevunjika.

Nje, Deni kafungwa kwenye nguzo ya umeme.
Nikamwonyesha nakala, sijui kwa nini.
Akainusa, akatafuna kona yenye mhuri,
na Mfaume, dirishani, akapaza sauti:
"Hiyo haimo, dada! Hiyo haimo!"