Kinyumenyume Hadi Pantoni

Dakika moja moja wanatuachia.
Waliotangulia hatuwaoni;
tunaowaona ni wanaotufukuza.

Mwisho wa mto tumeupa mgongo.
Mwantumu peke yake, mshika usukani,
kilo arobaini na mbili na sauti ya dalali,
ndiye ajuaye tuendako.

"Kumi za nguvu!"
Tunampa kumi.
Shemweta, kiti cha tatu, analia bila kujijua:
malengelenge ya juzi yamepasuka,
na maji ya Pangani leo yana chumvi,
bahari imepanda mtoni
yaturudisha tulikotoka.

Minazi ya Bweni inasogea,
inasimama,
inasogea.

Honi ya pantoni.
Makasia yanalala.
Tumeshinda? Saa anayo Mwalimu Mntambo,
na Mwalimu Mntambo
anapapasa mifuko,
anatafuta miwani.