Mkeka wa Veijo

Veijo ameligawa daftari kwa rula:
kushoto Dubu, timu yetu ya Haapakoski,
kulia Bundi wa Kuusniemi,
wanaokuja na basi la ghorofa na mpishi wao.
Tumekaa kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta.
Nje ni nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri,
pua za watu zinatangulia mlangoni, zimeiva.

"Sikiliza, Tuovi," ananiambia, akilamba ncha ya penseli.
"Bundi: mechi kumi, wameshinda saba.
Ukitolewa mtu mmoja kwa adhabu,
katika kila nafasi nne wanakufunga moja.
Kipa wao, mashuti mia, anazuia tisini na mbili.
Dubu: wamepigwa nne mfululizo,
kocha kafukuzwa Jumanne, nahodha kavuta nyonga,
na golini yupo mtoto wa miaka kumi na tisa kutoka Latvia
ambaye mtangazaji bado hajaliweza jina lake."
Odi za Bundi, moja nukta sita.
Zetu, karibu nne.
"Nne! Nyumbani kwetu!"
Anaitamka kama mtu aliyetukanwa na shemeji.

Mimi sina safu mbili.
Nina mashine ya kunolea, chini ya ngazi za uwanja,
na miaka thelathini na moja ya cheche kwenye aproni.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
siri ya goti aijuaye chuma cha kiatu.

Chukua namba kumi na saba wa Bundi, Eetu Kallunki.
Daftari linasema mabao ishirini na mawili.
Alizaliwa hapa, nyuma ya kiwanda cha karatasi,
akaletwa kwangu na viatu vya kaka yake
vilivyoshindiliwa magazeti vidoleni.
Hadi leo chuma chake cha kushoto kinalika kwa ndani.
Akichoka, hugeukia kulia tu.
Mabeki wetu hawalijui hilo.
Hawajaniuliza.

Na yule mtoto wa golini, Rihards.
Alikuja Alhamisi, kofia mkononi,
akaomba makali. Zaidi, akaonyesha kwa vidole, zaidi.
Kipa huteleza. Mguu wake unataka chuma kizito kidogo kukata,
kimpeleke huku na huku
kama sahani juu ya meza iliyolowa.
Kipa anayeomba makali
ameanza kuiogopa barafu.

Hili lingemfaa Veijo kuliko safu zake zote.
Angeweka hamsini kwa Bundi,
angenunua zile tairi anazozisema tangu Oktoba.
Ninakoroga kahawa isiyo na sukari.
"Unasemaje?"
"Nasema kahawa yako inapoa."

Anaandika: Bundi, yuro tano.
Kisha anatazama dirishani,
lori la magogo linapita, linatikisa vijiko.
Anachukua karatasi ya pili,
anaikinga kwa kiganja kama mwanafunzi kwenye mtihani:
Dubu, yuro mbili.
"Mtu hawezi kukaa jukwaani bubu," ananieleza,
ingawa sikumuuliza. "Koo nalo linataka kazi."

Saa kumi na mbili na nusu tuko safu ya nane.
Mikeka yote miwili iko mfukoni mwake, haijachanika bado.
Kule chini Rihards anakwangua barafu mbele ya lango,
kushoto, kulia, kushoto,
kama mtu anayefuta miguu mlangoni pa wenyewe.

Sikumnoa alivyoomba.
Nilimpunguzia unywele mmoja, labda miwili,
nikamrudishia viatu, nikamwambia tayari,
naye akanishukuru kwa Kifini cha kukariri.
Jambo kama hilo halina odi.

Natega sikio.
Mkwaruzo wa kushoto ni safi.
Wa kulia, sijui,
kwa sababu Veijo amekwisha simama,
anapiga kelele, na filimbi haijalia,
na sijaweza kujua anamshangilia nani.