Kidole cha Jiwe la Tabaka

Bi Gulshan alisema jedi.
Mimi nikasikia jadi,
nikasimama sebuleni mwake, Barabara ya Nne, Parklands,
viatu mkononi,
nikingoja anionyeshe mababu.

Akafungua kabati la vioo.
Saba walikuwa, wadogo, kijani cha maji ya mchicha,
mmoja tu mweupe kama mafuta ya kondoo yaliyoganda:
Budha mwenye masikio yaliyoshuka hadi mabegani,
watawa wazee, huyu akijikuna mgongo,
yule akicheka na chui aliyemlalia pajani,
na wa mwisho bibi, kasimama juu ya yungiyungi,
chupa mkono wa kushoto,
wa kulia umeinuka
na kidole cha shahada hakipo.

"Jina lake," akasema, "ni Asikiaye Vilio.
Marehemu alimnunua Shanghai kabla hajanioa.
Kidole alikivunja kijakazi."
Akanyamaza.
"La. Nilikivunja mimi. Siku hospitali ilipopiga simu."

Nimetoka Tabaka, najua jiwe.
Letu, likitoka ardhini na unyevu wake,
hukubali kisu kama muhogo uliochemka.
Baba alichonga viboko maelfu,
chini ya tumbo la kila mmoja akaandika KENYA,
jina lake asiliandike popote.
Liliandikwa na wengine, kwenye kadi ya kliniki ya kifua.

Hili lilikataa kisu.
Niligusisha ncha chini ya kiti cha Budha, mahali pa siri,
ncha ndiyo iliyochubuka.
Nikaliweka shavuni: baridi,
baridi isiyo na haraka ya kupata joto.
Halikuchongwa, basi. Lilisagwa.
Maji na mchanga, kamba na mchanga,
mtu kaketi msimu mzima juu ya kunjo moja la vazi,
naye, bila shaka, alikohoa,
akapangusa mdomo kwa kiganja chenye vumbi la kijani.
Nilitafuta jina lake. Niliwageuza wote saba
kichwa chini, miguu juu,
Bi Gulshan akiuma ncha ya mtandio.
Hamna.

Nikamwambia: Mama, jiwe kama hili sina.
Nina la kwetu, la kijivu, ukijani kwa mbali.
Akasema: Weka hilohilo.

Siku tatu kibandani Gikomba, stima ikija na kuondoka,
kidole kisichozidi punje ya mchele.
Ukucha wake ulinimaliza macho.

Jumamosi akaja mnunuzi, Bwana Qiu wa Kilimani,
glavu nyeupe, kurunzi ya kalamu.
Akawamulika mmoja mmoja,
mwanga ukawapita vifuani
kama asubuhi ipitavyo pazia.
Kwa bibi ulipita kifuani, begani, kiganjani,
ukafika kidoleni
ukagota.

Bwana Qiu akacheka kwa adabu.
Akachukua sita.

Usiku ule sikulala. Nimemharibia mjane bei.
Nikamrudishia ujira wangu kwa simu, nusu yake;
pesa zikarudi mara moja,
na ujumbe: Usinisumbue.

Juzi, mwaka na kitu umepita,
kaniita niunge bakuli lililopasuka.
Kabati tupu, vioo vimefutwa.
Bibi hayumo.
Yuko kando ya simu, juu ya kitambaa cha kufuma,
pale Bi Gulshan anapokaa kumngoja mwanawe wa Toronto,
maana saa za huko na za huku hazijapatana bado.

Jiwe letu hunywa mafuta ya mkono.
Sikumwambia hilo wakati ule, sikuona haja.
Nikainama nitazame:
kidole kimekoza, kijivu kimezama ndani,
ukijani umepanda juu,
si sawa na mkono, la,
karibu.

"Umekuwa ukikishikashika," nikasema.
"Mimi?" akasema Bi Gulshan,
na akakishika.