Kalenda ya Jikoni

Gari la Heino lilipozama ziwa Peipsi
mkahawa mzima ulikuwa umejua tangu mwanzo.
Mwokaji alijua. Tarishi alijua.
Hata mbwa wake, walisema, alikataa kupanda.

Nami nilijua, nikaapa,
kijiko kikizunguka kikombeni:
barafu ya Machi, jamani, nani asiyeijua?

Heino alikaa pembeni, mzima,
blanketi begani, soksi zikichuruzika,
mjinga wa pekee kijijini.

Usiku nikasogelea kalenda ya jikoni.
Jumanne, mkono wangu, wino wa buluu:
*Barafu nene, sentimita arobaini.
Heino anavuka. Nimempa keki ampelekee Leida.*

Keki!
Nikaiona ikishuka gizani
na sahani yangu ya maua,
samaki wakija kuitazama.

Wahenga walituachia *ningejua*, ije nyuma.
Sisi tumeng'oa silabi moja katikati,
tukapachika nyingine: *nilijua*.
Mara tumetangulia mbele ya jambo,
tumekaa, tunalisubiri lifike.

Asubuhi nikabisha hodi kwa Heino.
"Sikujua," nikamwambia.
Akanivutia kiti.
"Ile sahani," akasema, "nitakulipa."